Maikrowevu Bila Sanduku Lake

Wiki mbili kabla ya kufunga shule, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alinisubiri nje ya maabara akiwa na kitu kizito ndani ya mfuko wa kaki. Alikuwa amekinunua Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa fundi anayeuza vipuri vya vyombo vilivyokufa. Kilikuwa magnetroni, yaani kile kiungo kinachozalisha mawimbi ndani ya jiko la maikrowevu: mapezi ya alumini yaliyojipanga kama kurasa za daftari, sumaku mbili nyeusi za duara, na shingo ya kauri. “Shikamoo mwalimu,” alisema, “hiki si ndicho wanachotengenezea bunduki ya mawimbi?” Katika simu yake alikuwa na video ya mtu aliyefunga kifaa cha namna hiyo kwenye mdomo wa bati, akawasha taa ya tyubu kwa mbali bila waya na kuivuruga spika ya jirani. Yeye alitaka kukipeleka kwenye maonyesho ya sayansi.

Swali lake limenifanya nipime upya jambo ambalo mjini kwetu limegawanya watu. Wapo wanaosema vijana waachwe wafungue, wavunje na waunde, kwa kuwa hivyo ndivyo ufundi unavyozaliwa. Wapo wanaosema vyombo hivi vina mionzi ya kansa na visiguswe kabisa. Mimi naona kwamba wa kwanza wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa, na kwamba wa pili wana haki ya kuogopa, isipokuwa wanaogopa kitu kisicho chenyewe.

Tuanze na hoja ya ufundi. Maikrowevu nyingi zinazofika kwetu ni mitumba, na zikiharibika hazina vipuri dukani. Fundi anayetoa feni, swichi, taa na sahani ya kioo katika chombo kimoja ili kufufua kingine anafanya kazi ya maana kwa mfuko wa mwananchi. Wapo pia wanaochukua transfoma, wakaondoa waya mwembamba wa upande wa pili na kuweka waya mnene wa mizunguko michache, wakapata mashine ndogo ya kuunganisha mabati kwa nukta. Na historia yenyewe iko upande wao. Magnetroni ya matundu iliundwa mwaka 1940 katika Chuo Kikuu cha Birmingham na John Randall na Harry Boot kwa ajili ya rada za vita, lakini aliyegundua mwaka 1945 kwamba inaweza kupika chakula ni Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon, mtu ambaye hakumaliza hata shule ya msingi. Kumwambia kijana wa Mwanjelwa kwamba mambo haya ni ya wenye shahada pekee ni kusahau yalikotoka.

Hoja ya kansa, kwa upande wake, haisimami jinsi inavyosemwa mitaani. Mawimbi ya maikrowevu ya nyumbani yana masafa ya gigahetzi 2.45 na urefu wa takriban sentimita 12. Ukilinganisha chembe moja ya wimbi hilo na chembe moja ya mwanga wa kijani unaotoka kwenye balbu, ile ya mwanga ina nishati kubwa zaidi ya mara laki mbili. Mawimbi haya hayana uwezo wa kuvunja atomu kama inavyofanya eksirei, wala chakula kilichopashwa humo hakibaki na mionzi. Kazi yao ni kuzitikisa molekuli za maji huku na huko hadi zipate joto.

Lakini hapo hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mwili wa mtu nao ni maji. Joto la jiko la mkaa hukupiga kwenye ngozi na ngozi inakupigia kelele, unarudisha mkono. Mawimbi ya maikrowevu hupenya sentimita moja au mbili ndani ya nyama, chini ya mahali penye mishipa mingi ya kuhisi, hivyo mtu anaweza kuungua kabla hajajua kwamba anaungua. Jicho ndilo lenye hali mbaya zaidi. Lenzi yake haina damu inayopita kuipoza, na ikipata joto la kutosha huwa nyeupe kama yai lililochemka, ndiyo mtoto wa jicho. Korodani nazo huvumilia joto kidogo sana.

Nilimfanyia mwanafunzi wangu hesabu ubaoni. Chukua magnetroni inayotoa wati 800 na uiache itawanye nguvu zake pande zote sawasawa, bila bati la kuzielekeza. Ukisimama mita moja, kila mita ya mraba ya eneo lako inapokea wati 64 hivi. Kiwango ambacho tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyovunja atomu, ICNIRP, inakitaja kwa watu wa kawaida na kwa mwili mzima ni wati 10. Ili ukifikie lazima urudi nyuma mita mbili na nusu. Ukiongeza bomba au bati la kukusanya mawimbi upande mmoja, umbali huo unakua, na aliye mbele ya mdomo ule ndiye anayelipa. Na hesabu hii ni ya uwanja ulio wazi. Karakana zetu zimeezekwa mabati, nyingine zimezungushiwa mabati, na mabati huyarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga, hata aliyejificha nyuma ya kifaa asiwe na uhakika wa usalama wake.

Spika ya jirani, basi, si kipimo cha ushujaa. Kifaa chenye uwezo wa kuivuruga kupitia ukuta kimekwisha kumfikia mtoto aliyelala upande wa pili wa ukuta huo, na mgonjwa mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo.

Pamoja na hayo yote, si mawimbi yanayonikosesha usingizi. Ni transfoma. Huchukua volti 230 za ukutani na kuzipandisha hadi volti 2,000 hivi, ikiwa na uwezo wa kusukuma mamia ya miliampea, wakati miliampea 100 zikipita kifuani zinatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Mbaya zaidi, umeme wa upande wa pili hurudi kwenye transfoma yenyewe, hivyo ile swichi ya usalama inayokata umeme mtu anapopigwa shoti haioni kitu, haikati. Kando yake ipo kapasita inayoweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Mafundi wa redio waliozoea “shoti” ya volti 230, ile inayokurusha mkono ukacheka, huukaribia mtambo huu kwa mazoea yale yale, na mtambo huu hautoi nafasi ya kujifunza kwa makosa. Katika nchi nyingine, watu wengi wamekufa wakitumia transfoma hizi kuchoma michoro ya matawi ya radi juu ya mbao, hata chama cha wakereza mbao wa Marekani, American Association of Woodturners, kikaipiga marufuku kazi hiyo katika shughuli zake. Nayataja haya kwa sababu Mafinga ni mji wa mbao, na video za michoro hiyo ni nzuri kutazama.

Lipo pia jambo dogo ambalo halina video. Mlango wa maikrowevu huwa na swichi kadhaa, na moja kati yake kazi yake ni kuunguza fyuzi makusudi iwapo nyingine zimeshindwa kuzima mlango unapofunguliwa. Nimewahi kupelekewa chombo ambacho fundi aliziunga swichi hizo dairekti ili kumpunguzia mteja gharama. Kilipasha chakula vizuri. Kiliendelea kupasha mlango ukiwa wazi, mama mwenye nyumba akiwa ameinama mbele yake. Hiyo nayo ni bunduki ya mawimbi iliyoundwa nyumbani, na inakaa jikoni.

Kwa hiyo siungi mkono wito wa kuzuia vijana wasifungue vyombo. Hauwezi kutekelezwa, na ungewaua mafundi tunaowahitaji. Ninachokipinga bila kusita ni kuwasha magnetroni nje ya sanduku lake, kwa sababu yoyote, maonyesho yakiwemo; na transfoma yenye waya wake wa volti nyingi haifai kuwashwa kwingine isipokuwa mahali penye mwalimu wa umeme na vifaa, kama karakana za VETA au za Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Nilimwambia pia asiivunje ile kauri kwa ajili ya sumaku, kwa kuwa baadhi ya magnetroni hutumia oksidi ya berili, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki.

Maonyesho yake hayakupotea. Tuliweka sahani isiyozunguka katika maikrowevu nzima ya chumba cha walimu, tukapanga vipande vya mkate vilivyopakwa siagi, tukawasha kwa sekunde chache tu. Siagi iliyeyuka kwa madoa. Alipima kwa rula kutoka doa hadi doa akapata sentimita 6 na nukta kidogo, akazidisha mara mbili kupata urefu wa wimbi, kwa kuwa kutoka doa hadi doa ni nusu ya wimbi, kisha akazidisha kwa masafa yaliyoandikwa nyuma ya chombo. Jibu lilimtoka karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kasi ya mwanga, naye akarudia kupima mara tatu kwa sababu hakuamini kwamba imetoka kwenye mkate.