Watoto Wanajua Tashihisi, Aya Imewashinda

Faili ilitua kwenye kundi la wazazi usiku, jalada lake rangi tatu, maandishi makubwa: MBINU ZOTE ZA LUGHA, KARIRI UPATE A. Shilingi 250 tu, lipa kwa M-Pesa, utumiwe kurasa zilizobaki. Haikupita muda, "Nimetuma" zikaanza kumiminika. "Mungu akubariki, mwalimu." Na yule mmoja asiyekosa katika kila kundi akauliza kama mapacha wanapunguziwa.

Nikafungua zile kurasa za bure. Tashbihi: kufananisha vitu viwili kwa kutumia kama, mithili ya, sawa na, ja. Sitiari: kufananisha bila hivyo viunganishi. Tashihisi: kukipa kitu kisicho na uhai sifa za chenye uhai. Chuku, takriri, tanakali za sauti, balagha, tabaini, mbinu rejeshi, sadfa, taharuki, hadi jicho likachoka. Na sikuona ufafanuzi hata mmoja wenye kosa. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Kingekuwa kibovu ningecheka nikalala. Lakini kitu sahihi namna hii, kilichopangwa vizuri namna hii, mzazi anatoa pesa ya unga kukinunua, na mtoto hatoki nacho popote.

Likizo za Agosti huwa nakaa na watahiniwa wachache hapa Manyatta, Kisumu, watoto wa ndugu na wa majirani, kibarazani, kila mtu na kiti alichobeba kwao. Orodha wanazo kichwani. Ukimwamsha mmoja usiku wa manane umuulize inkisari na mazda, kule kufupisha na kurefusha neno katika shairi, atakujibu kabla hajafumbua macho. Basi nikawapa ukurasa mmoja wa hadithi, nikawaambia wapige mstari chini ya kila mbinu waliyoiona. Mmoja akapiga mstari chini ya "Kama mvua isingenyesha, angefika kwao mapema," akaandika pembeni: tashbihi.

"Hapa kinafananishwa nini na nini?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mzee akipotelewa na akili. "Mwalimu, si kuna kama?"

Mwingine alikuta neno "polepole" akasema ni tanakali za sauti, yaani neno linaloiga mlio, kwa sababu limejirudia. Wa tatu alikuwa ameandika kinaya, yaani mambo kuwa kinyume cha yanavyotarajiwa, mahali pote palipomshangaza. Hawa si watoto wajinga. Wamefundishwa kuwinda alama za barabarani bila kuuliza barabara inaelekea wapi. Usomaji wenyewe, ule wa kukaa na sentensi ukajiuliza kwa nini mwandishi ameisema hivi na si vile, haumo katika yale tunayoyaita maandalizi ya mtihani. Ukipita maktaba msimu wa mtihani utawakuta wamejaa, ndiyo, wameinamia karatasi za miaka iliyopita na miongozo yake ya kusahihisha. Riwaya yenyewe imefungwa ndani ya begi.

Ila leo sitaki kugombana sana kuhusu usomaji. Ugomvi wangu mkubwa ni aya.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, kundi la mwisho la 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu, wale watakaofanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka 2027 kisha mlango ufungwe. Nilimwambia aandike aya moja tu, kuhusu asubuhi aliyoenda na mama yake sokoni Kibuye siku ya Jumapili. Akaandika bila kuinua kalamu:

"Nilirauka alfajiri na mapema majogoo walipowika. Jua lilikuwa likichomoza mashariki huku miale yake ikiangaza kote na ndege wakitumbuiza kwa nyimbo tamu. Nilijitoma hamamuni nikakoga, nikastaftahi kwa chai na mkate uliopakwa siagi, kisha nikashika njia guu mosi guu pili kuelekea sokoni."

Sasa, huyu mtoto ni wetu, nyumba yao naijua. Bafu ni la ploti nzima, na asubuhi ndoo hupanga foleni kabla ya wenyewe. Siagi huonekana Krismasi. Alfajiri gani ina jua? Ndege gani wanatumbuiza Kondele saa kumi na moja, mbele ya honi za matatu? Na mtu anayesukuma mkokoteni wenye marobota ya mitumba anatembeaje guu mosi guu pili? Hakuna hata neno moja hapo alilolitoa machoni pake. Yote yalitoka darasa la nane, enzi za insha ya KCPE, dakika 40 kwa alama 40, mtoto akiingia chumba cha mtihani na aya ya utangulizi aliyokwisha kuipakia kichwani kutoka nyumbani, mada iwe ajali, harusi au wizi wa mabavu. KCPE ilizikwa 2023. Hamamu ikakataa kuzikwa nayo.

Sikumrekebisha chochote. Nilimwambia afunike karatasi anisimulie kwa mdomo. Akasimulia, Kiswahili kidogo, Kijaluo kidogo, Sheng iliyobaki, na kila mtu pale kibarazani akaacha alichokuwa akifanya. Mama yake alivyomwamsha. Foleni ya ndoo. Yeye nyuma ya mkokoteni, mama mbele. Nikamwambia: hiyo ndiyo aya, iandike. Akaandika, ikatoka ndefu mno, imejaa "halafu" na "basi". Tukaisoma kwa sauti, sentensi moja moja, na kila sentensi nilimuuliza swali lile lile: hii inafanya kazi gani hapa? Ukiitoa, nani ataililia? Ile ya bei ya chai haikuliliwa na mtu, ikatoka. Mbili zilikuwa zinasema jambo moja, zikaunganishwa. Moja ilikuwa nzuri lakini ni ya aya inayofuata, tukaihamisha. Sarufi hatukuigusa mpaka mwisho kabisa, maana kuna faida gani kunyoosha ngeli katika sentensi inayokwenda jalalani? Toleo la tatu likasomeka hivi:

"Mama alinigusa mguu kwa kidole. Bado giza. Tulikuta ndoo zimejipanga mlangoni pa bafu, tukanawa nyuso tu tukatoka. Kondele ilikuwa imeamka kitambo, ikikohoa moshi wa matatu. Mama alitangulia mbele ya mkokoteni bila kugeuka, nami nikasukuma nyuma, macho kwenye yale marobota mawili, kana kwamba yangeweza kupungua njiani."

Nikamwekea kidole kwenye Kondele inayokohoa. "Hiki nini?"

Akaangalia. Akaangalia tena. "Ai! Anti, si hii ni tashihisi?"

Alikuwa ameitumia bila kuitafuta. Amekariri ufafanuzi wake tangu shule ya msingi, amepata nayo alama mara nyingi, na siku hiyo ndiyo aliyoijua. Mama asiyegeuka naye akatupa mazungumzo marefu. Je, amekasirika? Ana wasiwasi wa kukosa nafasi sokoni? Anamwamini bintiye kiasi kwamba hana haja ya kugeuka? Mpwa wangu akasema ni hilo la mwisho, na kwamba hatalitamka, msomaji ajipatie mwenyewe. Wiki hiyo hiyo akaja na tamthilia yao ya kutahiniwa akiniuliza kwa nini mhusika fulani ameulizwa swali na mwandishi hakumpa jibu, amempa maelekezo ya jukwaani tu. Kwa miaka yote niliyomsomesha hakuwahi kuniuliza swali la aina hiyo. Alikuwa akiniuliza "sifa zake ni ngapi."

Basi niambieni ni shule gani mtoto hurudishiwa insha akaambiwa: aya ya pili hii, nenda ukaiandike upya, uniletee. Mimi nazijua insha zinazorudi. Wino mwekundu, mstari hapa, mistari miwili pale, chini kabisa 09/20 na neno "Jitahidi." Ajitahidi nini? Wapi? Ijumaa inayofuata mada mpya, makosa yale yale, 09/20 nyingine. Mtoto anafika kidato cha nne akiwa ameandika insha nyingi mno, na hajawahi kuandika aya moja mara mbili.

Mahali pekee ambapo mtihani wenyewe unamdai mtoto matoleo mawili ni muhtasari, karatasi ya pili, alama 15. Kuna nafasi ya matayarisho na nafasi ya nakala safi. Mnajua wanafanya nini? Wanaandika nakala safi kwanza, wahesabu maneno, kisha wanarudi juu kuandika "matayarisho," na kukatakata maneno mawili matatu ili ionekane walihangaika. Wengine wamefundishwa hivyo na walimu wao. Tumefika mahali tunaigiza kufikiri.

Najua mtaniambia nini. Karatasi ya kwanza ni saa 1 na dakika 45, insha mbili, kila moja maneno 400, nani ana muda wa toleo la tatu? Hakuna. Mtaniambia pia kwamba msamiati una alama zake na hamamu imewahi kumvusha mtoto wa mtu. Imewahi, nakubali kwa shingo upande. Na karatasi ya tatu ikisema "taja na ueleze tamathali mbili," asiyejua majina ya tamathali ataandika nini, "maneno matamu"? Majina lazima ayajue. Sijasema orodha ichomwe.

Ila fikirini. Siku ya mtihani mtoto hana muda wa kuandika mara mbili, kwa hiyo ile mara moja lazima itoke kwenye mkono uliokwisha kuzoea kukata, kuunganisha na kuhamisha. Mkono huo unaupata wapi ikiwa kila ukurasa aliouandika maishani ulikuwa wa kwanza na wa mwisho? Ile insha inayoingia kiwango cha A, kati ya 16 na 20, haiingii huko kwa sababu ya hamamu. Inaingia kwa sababu msomaji anahisi kuna mtu anaongea naye, anajua anakokwenda, na kila aya inamsogeza mbele.

(Na wale ndugu zetu wa Pwani wanaotucheka kwamba sisi wa huku ziwani shida yetu ni ngeli: ngeli tutazinyoosha. Nimesoma insha za Pwani zenye ngeli safi kabisa na hamamu ile ile.)

Mtaala mpya nao unaimba umilisi kila ukurasa. Vizuri. Nitaamini nikiona daftari.

Kwa walimu, na ninajua mna mikondo mitatu, wanafunzi hamsini kila mkondo, na mshahara wa kuchekesha: siwaongezei kazi, naomba mpunguze. Insha nne kwa mwezi ziwe mbili. Ya kwanza iandikwe, na wiki inayofuata isiwe mada mpya, iwe aya moja ya insha ile ile, mwanafunzi aichague mwenyewe, aiandike tena ukurasa wa kulia huku ya zamani ikimtazama kushoto. Aya moja inasahihishwa haraka kuliko kurasa mbili. Alama ziwekwe kwenye ya kulia peke yake. Ya kushoto msiiguse kwa wino mwekundu. Mpeni jirani wa dawati aisome, aandike kwa penseli mahali pamoja tu ambapo hakuona kitu alichoambiwa akione. Wataandikiana upuuzi wiki ya kwanza, hilo najua. Wangu pale kibarazani waliandikiana "poa sana" na michoro ya mioyo. Wiki ya pili kijana mmoja akamwandikia mwenzake chini ya ile siagi: "Kwenu kuna siagi tangu lini?"