Nilivyopangiwa Cheo na Bata Mzinga

Kosa langu la kwanza lilikuwa alizeti.

Februari ile theluji ilinifika magotini hapa Massachusetts, Marekani, na mimi mtoto wa Muheza nilikuwa nimechoka kutazama ukuta. Nikanunua mfuko mkubwa wa mbegu za alizeti, nikatundika kichupa cha kulishia ndege uani, nikavuta kiti dirishani na chai yangu. Asikwambie mtu, ndege wa baridi wanaliwaza. Akaja chikadii, kadogo, kofia nyeusi, anajitaja jina mwenyewe: chika-dii-dii. Akiona hatari kubwa anaongeza "dii". Akaja kardinali na kishungi chake, mwekundu pyu juu ya theluji nyeupe pe. Kila picha nikairusha kwenye kundi la familia na maelezo marefu yasiyoombwa, mpaka mdogo wangu akaanza kuniita Profesa. Sikukataa.

Machi theluji ikaanza kuyeyuka. Barabarani, kwenye matete ya mitaroni, wakarudi wale ndege weusi wenye mabega mekundu, kila dume kakamata tete lake anapiga kelele kama kondakta anayegombea abiria wa Tanga. Nikawa naendesha gari shingo upande. Mara moja nilikosakosa kugonga sanduku la barua la watu.

Na pale uani, theluji ilipopungua, yakafichuka makapi na mbegu za miezi miwili. Waliokuja kuzisafisha hawakuwa chikadii.

Bata mzinga wa porini. Majike sita, dume mmoja.

Hawa walishakwisha kabisa katika jimbo hili tangu 1851, misitu imefyekwa na bunduki hazipumziki. Mwaka 1972 na 1973 serikali ikaleta 37 kutoka jimbo la New York, ikawaachia milimani huko magharibi. Leo wamepita 25,000. Mimi nikaona fahari: vitukuu vya wale 37 wamenichagua! Nikarusha picha. Mama peke yake ndiye aliyejibu: "Huyo dume simpendi macho."

Jumapili moja nikaosha gari, kutoa ile chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Gari jeusi, likang'aa mpaka nikachania nywele mlangoni. Hilo kosa la pili.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi natoka kwenda kazini, mkoba begani, hotpoti ya wali mkononi. Nasikia ko! ko! ko! Dume anagonga mlango wa gari kwa mdomo. Kaona humo ndani kuna dume mwenzake, na kila akimpiga, mwenzake anamrudishia. Nikamfanyia kama kuku wa nyumbani: "Shuu!"

Akageuka. Mkia ukafunguka kama pazia, mbawa zikaburuzwa chini kwaruu, kichwa kikawa chekundu, kikawa cha buluu, na ile nyama ya juu ya mdomo ikarefuka ikaning'inia upande. Ndege mzima kama kilo tisa hivi. Nikarudi nyuma hatua moja.

Hilo la tatu, na ndilo lililonimaliza.

Tulizunguka gari mara tatu, yeye nyuma mimi mbele. Mzunguko wa kwanza nikaacha kiatu. Wa pili nikaacha hotpoti, ikafunguka, majike sita wakaja mbio kwa adabu zote wakaanza kula. Wa tatu nikajikuta nimekaa juu ya buti la gari, miguu nimekunja, natazama saa.

Akatoka jirani yangu, bibi wa miaka themanini hivi, na gauni la kulalia. Mkono mmoja ufagio, mwingine kikombe cha kahawa. Akapiga ufagio chini mara mbili, akaenda mbele bila haraka. Dume akafunga mkia, akaondoka zake kama aliyekumbuka miadi. Kahawa haikumwagika hata tone.

"Ulirudi nyuma?" bibi akaniuliza.

"Kidogo tu."

Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kwa bata mzinga kila ndege ana mkubwa wake na mdogo wake, na binadamu waliyemzoea naye hupangiwa nafasi. Ukimkimbia dume, ushajiandikisha. Nikauliza kwa sasa niko nafasi ya ngapi. Akawatazama majike waliokuwa wakimalizia wali, hakujibu.

Jioni nikampigia mama.

"Si umchinje?"

"Mama, huku mpaka leseni na kibali, na msimu wenyewe mpaka mwisho wa Aprili."

"Kwa hiyo yeye kukupiga hahitaji leseni?"

Nikanyamaza. Nyuma yake nilimsikia mdogo wangu anacheka, anamwita yule dume Profesa.

"Na hao majike," mama akasema, "wakati unakimbizwa walikuwa wanafanya nini?"

"Wanakula wali wangu."

"Wa nazi?"

"Wa nazi, mama."

Akashusha pumzi.

"Basi baba, kesho watarudi."