Kaachiwa Mgahawa, Mimi Nyanya za Elfu Mbili Siaminiwi

Jamani, mimi nina ugomvi na mwanaume mmoja wa Los Angeles. Anaitwa Deacon Sharpe. Hanijui, lakini bando langu analimaliza.

Binti yangu yuko likizo. Kila jioni anachukua simu yangu, anaiegemeza kwenye chupa ya chai, kisha yeye, mama yake na bibi yake wanajipanga kutazama The Bold and the Beautiful. Tamthilia hiyo imeanza 1987, mimi nikichunga mbuzi wa babu kule Bahi, na haijaisha! Wale mbuzi wote tulishawala. Binti anatafsiri, mama mkwe kanyoosha miguu mkekani anaitikia "eeh, eeh" kama yuko kanisani. Alikuja kwa wiki mbili. Huu mwezi wa tatu.

Sasa huyo Deacon. Alimwoa Bridget, halafu akazaa na Brooke. Brooke ni nani? Mama mzazi wa Bridget! Binti alipofika hapo nilikohoa, nikatoka nje kukagua baiskeli ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mimi huyu bibi nikimsikia anaelekea uani nazunguka nyumba nzima kumpisha, leo habari kama hizo tunazisikiliza chumba kimoja? Dodoma hii?

Pombe kanywa, jela kakaa. Mwaka 2021 akaibuka tena, akitokea hukohuko kifungoni, na Hope, yule mtoto aliyezaa na mkwewe, akampokea. Siku hizi yuko kwenye mgahawa, Il Giardino, ndiye anayeusimamia. Mama mkwe anajifuta machozi kwa ncha ya khanga: "Masikini, kijana wa watu kabadilika." Kijana! Mwigizaji mwenyewe, Sean Kanan, kazaliwa 1966. Mimi mdogo kwake kabisa, na humu ndani naitwa mzee.

Kosa langu mimi? Miaka minane iliyopita nilitumwa Kibaigwa na laki na ishirini nikanunue mahindi. Kabla sijapanda basi nikaweka mkeka. Timu saba zikashinda, ya nane ikasawazishiwa dakika ya tisini na tatu. Mahindi hayakuja. Basi, ndiyo jinai yangu yote. Mama wa mtu sikumgusa.

Tangu hapo sijabeti hata mia. Lakini nikitumwa sokoni Majengo, hela anapewa Juma wa darasa la tatu, mimi napewa kikapu. Muuza nyanya ameshazoea, chenji anamkabidhi Juma moja kwa moja. Juzi mtoto kaniambia, "Baba, subiri hapo kivulini."

Na huyo aliyebadilika ndiye aliyemficha Sheila! Mwanamke anatafutwa, 2022 akajikata kidole cha mguu ili ionekane kaliwa na dubu, akajibanza kwa Deacon. Mwaka 2024 ukaletwa mwili, watu wanajua Sheila kachomwa kisu kafa. Deacon kuangalia miguu, vidole kumi! Sheila ana tisa. Kumbe marehemu ni mwingine. Sheila akapatikana mzima, wakafunga ndoa, na sebuleni kwangu vikapigwa vigelegele. Mimi nikipoteza kidole humu ndani, swali la kwanza litakuwa nimekiwekea dau timu gani.

Jana uvumilivu ukanishinda. Nikasafisha koo. "Mama, hata mimi mbona nimebadilika."

Mama mkwe akanitazama miguuni, taratibu, kimoja kimoja, mpaka akamaliza.

"Mwenzio kakata kidole, baba Neema. Wewe umekata nini?"

Kabla sijapata la kusema, Juma akadakia: "Bibi, baba hakukata. Alichana mkeka!"

Bibi akainuka upesi, akaanza kuukagua ule aliokalia.