Eti Nina-asseverate

Kadi yangu imepotea. Ni hayo tu. Polisi kaniuliza imepotelea wapi, ningejua wapi ingekuwa imepotea? Mpiga picha kaniambia nisitabasamu, kana kwamba nilikuwa na sababu.

Lakini huyu wa hati ya kiapo! Kijana ana tai imemkaba hadi macho yanamtoka, kaona neno “affirm” ni la watu wa chini. Kaniwekea “asseverate”.

“Hili ni dudu gani, mwanangu?”

“Ni kusema jambo kwa uzito, mzee. Asili yake Kilatini. Ndani mna severus, yaani mtu mkali, asiye na mchezo. Haya, lisome kwa sauti.”

Nikakunja uso nifanane na huyo severus. “Asi... asevu... aseverati...”

“Mkazo uko kwenye se, mzee. A-SE-vareit.”

Foleni ikaanza kukohoa. Nikavuta pumzi. Mara ya tatu neno likatoka zima, likatoka na mate, mate yakatua juu ya mhuri.

“Kwani nikilikosea, kadi itakuwa haijapotea?”

“Mzee, ukiandika ‘state’, umesema tu. Hapa umesema huku umekaza.”

“Nimekaza nini?”

Akafikiri. “Msimamo.”

Msimamo! Nimesimama pale tangu asubuhi, miguu imekaza yenyewe bila Kilatini. Halafu nikafungua kamusi ya kwenye simu: asseverate ni aver. Aver ni nini? Ni affirm. Affirm je? Ni kusema kwa uhakika, na hilo nililisema tangu mwanzo, nikiwa mlangoni, kwa maneno matatu. Mwaka 1853 Franklin Pierce, akiingia urais wa Marekani, alikataa kuapa, akasema “affirm”, na Wamarekani wakampa nchi nzima. Mimi naomba kadi!

Sisi tukitaka kuaminiwa tunasema haki ya Mungu, tunajigusa ulimi, tunaonyesha mbinguni, yamekwisha. Anayebisha, abishe.

“Weka sahihi hapa, mzee.”

Na kalamu yenyewe! Imefungwa kamba fupi, lazima uandike umeinama kama unayeomba radhi kwa mama mkwe. Nimekwaruza, nimepulizia, nimeisugua viganjani. Haina wino. Sasa niambieni, kamba ile inamzuia nani? Mwizi gani anaamka alfajiri, anaoga, anapanga foleni, aje kuiba kalamu iliyokauka?