Kata maneno, usikate irabu

Ukikutana na "xaxa m2 wang, cjui km ata2ma", usikimbilie kulaumu uvivu. Mkato huu ulizaliwa na hesabu ya vidole. Kwenye kiswaswadu, ile simu ya vitufe ambako kitufe kimoja hubeba herufi kadhaa, s ni herufi ya nne katika kitufe cha 7, kwa hiyo "sasa" inakula mibonyezo 10. X ni ya pili katika kitufe cha 9, na "xaxa" inaisha kwa mibonyezo 6. "Sijui" ni 13, "cjui" ni 9. Aliyeanza kuweka x mahali pa s hakuwa mjinga hata kidogo. Kituko ni ile 2 ya "tu": t na u ni mibonyezo 3, ilhali 2 imejificha nyuma ya a, b na c, yaani minne. Hapo kidole hakikupumzika. Kilichookolewa ni nafasi moja tu.

Na nafasi zilikuwa na thamani. Meseji ya kawaida ya simu hubeba baiti 140, ambazo kwa herufi za biti 7 zinatoa nafasi 160. Ikizidi hapo hugawanywa vipande vya herufi 153, na kila kipande huhesabiwa kama meseji nzima. Enzi hizo kukata herufi kulikuwa kubana matumizi. Leo wengi tunaandikiana kwa intaneti, ambako herufi 20 na herufi 200 hazipishani kwa gharama ya maana, na kioo cha kugusa hakina kitufe cha kubonyeza mara nne. Sababu imekufa, mazoea yamebaki. Hata anayetuma kwa njia ile ya zamani mara nyingi anajiumiza mwenyewe: anakata "nimefika" iwe "nmfka", halafu anapachika emoji mwishoni. Emoji moja inabadilisha mfumo wa herufi wa meseji nzima, nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Kaokoa 3, kapoteza 90.

Nisieleweke vibaya: sina ugomvi na misimu. "Niaje", "poa", "freshi" ni maneno yenye silabi zake zote, na aliyezoea lugha hiyo anayasoma bila kukwama. Msimu ulioandikwa kamili una adabu kuliko Kiswahili sanifu kilichonyofolewa irabu. Ugomvi wangu ni huo wa irabu.

Mtindo wa kuziangusha tumeuazima kwa Kiingereza, ambako "pls" na "msg" zinasomeka kwa sababu konsonanti zinatosha kulitambulisha neno. Kiswahili hakijajengwa hivyo. Kwetu irabu ndiyo inayosema nani katenda, lini, na kama kweli katenda. Chukua "htkuja". Inaweza kuwa "hatakuja": yeye, kesho. Inaweza kuwa "hutakuja": wewe, na pengine ni swali. Inaweza kuwa "hatukuja": sisi, na jambo lenyewe limeshapita. Watu watatu na nyakati mbili ndani ya herufi sita. Au "nmlpa", ambayo ni hatari zaidi kwa kuwa ina pesa ndani. Kwa mwandishi ni "namlipa", yaani ndiyo kwanza anashughulika. Msomaji anaona "nimelipa", anafunga daftari. Ukiondoa na ile a ya mwisho, ikabaki "nmlp", umefungua mlango wa tatu: "nimlipe?"

Irabu ya mwisho ya kitenzi nayo wengi huidharau. "Njian" haimpotezi mtu, kwa sababu "njiani" haina pacha. Lakini "anilip" ni nini? Ikiwa "anilipe", ni amri au ombi. Ikiwa "anilipa", ni habari.

Wenzetu wa zamani walilijua hili. Walioandika tenzi za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu walikuwa wakitia fatha, kasra na damma, ingawa Kiarabu chenyewe huandikwa kila siku bila alama hizo. Tena walikuwa na alama tatu tu kwa irabu zetu tano, kasra ikibeba i na e, damma ikibeba u na o, na bado hawakuziacha. Sisi tunazo zote tano, kila moja na kitufe chake, tunazitupa.

Tarakimu zina matatizo yake. "2ma 2 50" aliyeiandika anamaanisha "tuma tu 50", lakini jicho la haraka linaona 250. Kanuni yangu ni kwamba tarakimu ibaki kuwa idadi na isigeuzwe silabi, hasa panapotajwa pesa au muda. Na muda usiishie kwenye "2onane 4". Andika "saa 4 asubuhi", kwani kuna anayehesabu kwa Kiswahili na kuna anayesoma saa ya simu.

Kuna hasara nyingine ambayo huonekana miezi baadaye. Sehemu ya kutafuta ndani ya meseji hutafuta herufi kama zilivyoandikwa. Ukitafuta "malipo", ile "mlpo" haitatokea.

Kuchanganya l na r ("mahari" kwa "mahali") au kukata neno vipande ("nime fika") si mkato, ni makosa tu, tuyaache. Ila "shkm" kwa mtu mzima sikubaliani nayo. Shikamoo ni heshima inayotolewa kwa kutamkwa yote, na ukiikata umeipunguza. Kwenye msiba ndiyo kabisa: "pl xana" ni bora isingetumwa.

Unataka ufupi? Ondoa maneno. "Habr, nlkua ntka kukujlsha kwmb nmshafka" ina herufi nyingi kuliko "Nimefika, niko getini", na haisemi uko wapi.

Na kama kinachokuchosha ni kuandika, mkato ubaki kwenye kidole chako, usimfikie msomaji. Kwenye Gboard, kibodi ya Google, ingia mipangilio ya kibodi, kwenye lugha ongeza Kiswahili, la sivyo kibodi itaendelea kukusahihishia kwa Kiingereza. Kisha ingia kwenye kamusi, halafu kamusi binafsi, chagua lugha, gusa alama ya kujumlisha. Juu andika maneno kamili, "Nimefika salama". Chini andika kifupi, "nfs". Ukiandika nfs, maneno kamili yanajitokeza juu ya kibodi, unayagusa. Kwenye iPhone kazi hiyo iko ndani ya mipangilio ya jumla, upande wa kibodi, penye ubadilishaji wa maandishi. Huko maneno hujibadilisha yenyewe ukigusa kitufe cha nafasi. Kwa sababu hiyo kifupi kisiwe neno halisi. Ukiweka "saa" kwa ajili ya "Saa ngapi?", utakuja kuikuta katikati ya sentensi ambayo haikuuliza chochote.