Mgawo wa Bwindi: asilimia 20, lakini ya nini?

Katika mazungumzo ya utalii wa Kigezi, eneo la kusini-magharibi mwa Uganda lenye msitu wa hifadhi wa Bwindi, maneno mawili hayakosekani: wananchi washirikishwe, wawekezaji wavutiwe. Hakuna anayeyapinga. Ugomvi huanza mtu anapouliza asilimia inayotajwa ni asilimia ya kitu gani.

Sheria ya wanyamapori inaitaka Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, UWA, itoe asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini kwa jamii zinazopakana na hifadhi. Ukiisikia hivyo, unaona ni fungu nono. Lakini mgeni haendi Bwindi kulipa kiingilio akatazame miti. Anafuata gorila, na kibali cha gorila tangu Julai 2024 ni dola 800 kwa mgeni wa ng'ambo. Kibali si kiingilio, na jamii ina fungu lake humo: dola 10. Sasa piga hesabu. Tuchukulie kiingilio ni dola 40. Asilimia 20 yake ni dola 8. Ongeza zile 10, unapata 18. Mbele ya 800, hiyo ni asilimia mbili na robo.

UWA nayo ina hoja, na si ya kupuuzwa. Hifadhi nyingi za Uganda hazijitoshelezi. Fedha za gorila ndizo zinazolipa askari wa maeneo yasiyofikiwa na wageni wengi, pamoja na madaktari wa wanyama na ufuatiliaji wa makundi ya gorila wenyewe. Ukizibakiza zote Kanungu, Kisoro na Rubanda, Kidepo, hifadhi ya mbali kule kaskazini-mashariki, italindwa na nani? Mkulima wa kandokando ya msitu hujibu kwamba nyani wanaokula mahindi yake hawaendi kula Kidepo. Wote wawili wana haki, na ndiyo maana kubishania asilimia peke yake hakujasogeza jambo.

Kinachouma zaidi ni safari ya hizo dola 18. Zinatoka UWA, zinapita wilayani, zinashuka kaunti ndogo, ndipo zifike kijijini. Kijiji hukutana chini ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kuchagua mradi, na mara nyingi huchagua mbuzi au mbegu za viazi. Uchaguzi ni wao kweli. Ununuzi, hata hivyo, hufanyika ngazi ya juu yao, kwa zabuni. Hapo ndipo mbuzi huanza kukonda. Mzabuni huweka bei ya mbuzi juu ya ile ya sokoni, kwa sababu anajua atalipwa kwa kuchelewa. Fedha iliyopangiwa mbuzi 40 inanunua pungufu, na wanaletwa wakati wa mvua, bila chanjo, kutoka mahali penye malisho tofauti. Kamati ya kijiji inatakiwa iwapokee na kutia saini. Kuwakataa kuna maana ya kungoja mwaka mwingine, hivyo wanasaini. Kwenye karatasi, wananchi wameshirikishwa kila hatua.

Njia nyingine ilijaribiwa upande wa kusini wa msitu, Nkuringo. Mwaka 2008 ilifunguliwa loji ya kifahari juu ya kilima kwa ubia: umiliki ukabaki kwa taasisi ya wananchi wa eneo hilo, mwendeshaji akawa kampuni binafsi, na mashirika ya uhifadhi yakasaidia mtaji na mkataba. Badala ya kungoja gawio la faida, jamii ikapewa tozo ya kila usiku mgeni anapolala. Kwa maoni yetu huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika mpango mzima, na unastahili kuangaliwa kwa karibu.

Faida ya loji ni kitu cha kuhesabiwa na mhasibu aliye Kampala au ng'ambo. Kuna ada ya usimamizi inayolipwa kwa kampuni mama, kuna riba ya mkopo ambao wenye hisa wamejikopesha wenyewe, kuna uchakavu wa magari. Mwisho wa mwaka loji iliyojaa wageni inaweza kuandika hasara, na yote yakawa halali. Usiku wa kulala hauna mafumbo hayo. Mwanakijiji anayefua mashuka anajua yametoka mangapi. Wapagazi wanajua wamebeba mizigo ya wageni wangapi asubuhi. Orodha ya vibali ipo UWA. Ukilinganisha vitabu hivyo vitatu kila mwisho wa mwezi, udanganyifu unabaki na nafasi ndogo sana. Kwa mfano, loji ya vitanda 16 inayojaa nusu kwa mwaka mzima hutoa malazi 2,920. Kwa tozo ya dola 30, ni dola 87,600, na hesabu hiyo anaiweza hata mtoto wa shule.

Lakini mpango huo haukukubalika kirahisi. Ili mwekezaji akubali kupanda kilima kile chenye barabara mbovu, jamii ilipewa haki ya vibali vingi vya kundi la gorila la Nkuringo, na vibali hivyo vikaambatana na loji. Makampuni ya watalii na wenye nyumba za wageni za bei ya kati walilalamika: ukitaka gorila wale, ulale pale. Walikuwa na haki. Haki ya pekee ya aina hiyo huua ushindani, na hao wadogo nao ni Waganda, wengi wao wazawa wa hapohapo. Upande wa pili, bila kivutio hicho hakuna benki wala mwendeshaji ambaye angeweka fedha mahali ambapo msimu wa mvua gari hukwama nusu siku. Haki ya pekee ya muda mfupi, yenye tarehe ya mwisho inayojulikana, inaweza kutetewa. Isiyo na mwisho haiwezi.

Na hao "wananchi" ni nani hasa? Kando ya msitu huohuo wapo Batwa, watu wa asili wa msituni, waliotolewa ndani yake hifadhi ilipotangazwa mwaka 1991. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilisema wazi kwamba hawakufidiwa ipasavyo. Kamati za mgawo hufuata kijiji, na kijiji hutazama wenye mashamba. Asiye na shamba hana mazao ya kuliwa na nyani, kwa hiyo hana cha kudai kwenye kikao. Mfumo unaweza kushirikisha maelfu na ukamwacha nje yule aliyepoteza zaidi. Viti maalumu kwa Batwa husaidia kidogo. Fungu lao lenye akaunti yake lingesaidia zaidi.

Wapo wanaosema dawa ni kuachana na mwekezaji kabisa, na hutaja Bigodi, kijiji jirani na hifadhi ya Kibale, ambako chama cha wanakijiji kimekuwa kikitembeza wageni kwenye kinamasi tangu mwaka 1992 na kimejenga shule ya sekondari. Mfano ni mzuri. Ila Bigodi hupata wageni ambao tayari wamefika kuwaona sokwemtu, na mtaji wake ni njia ya mbao na waongozaji. Loji yenye maji ya moto juu ya kilima ni gharama ya aina nyingine.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 2020. Mipaka ilifungwa na malazi yakawa sifuri, kwa hiyo tozo nayo ikawa sifuri. Juni mwaka huo Rafiki, dume kiongozi wa kundi la Nkuringo, aliuawa na wawindaji haramu, na mmoja akahukumiwa miaka 11 jela. Si halali kusema njaa ndiyo iliyomuua. Lakini mkataba unaotegemea kitanda pekee huiacha jamii mikono mitupu mwaka ule msitu unapohitaji walinzi zaidi. Wawekezaji hukataa kiwango cha chini cha lazima, wakisema mwaka wa namna hiyo kingewafilisi, na wana hoja. Kilichobaki kujadiliwa ni kodi ndogo ya kupangisha ardhi inayoendelea kuhesabiwa hata loji ikiwa imefungwa na kulipwa wageni wakirudi, pamoja na sehemu ya tozo ya miaka mizuri inayowekwa benki, kwa saini ya kamati na ya mwendeshaji kwa pamoja.