Wakili wa Mirathi: Mteja Wake Ni Mzee au Ni Anayelipa?

Kijana anapomleta baba yake mwenye umri wa miaka 80 kwa wakili ili "aandike wosia", na bahasha ya kaki yenye hati ya nyumba ikawa mkononi mwa kijana badala ya mwa mzee, wakili anayeijua kazi yake atamwomba kijana huyo asubiri nje, japo ndiye atakayelipa ada. Kwa desturi zetu jambo hilo linakera, kwani si kawaida mzee kufungiwa chumbani na mgeni kuzungumzia mali ya familia. Hata hivyo, wosia ulioandikwa mwana akiwa amesimama nyuma ya kiti cha baba ndio ambao dada zake wataupinga mahakamani.

Wanaowalaumu mawakili wa mirathi nchini Tanzania kwamba huchochea ugomvi hawakosi hoja. Mirathi ya kimila na ya Kiislamu kwa kawaida hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kwa cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na fomu chache. Kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kusimama huko, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalimfungulia mlango pale tu anapoketi hakimu mkazi, aliye wa ngazi ya juu kuliko hakimu wa kawaida wa mahakama hiyo. Katazo hilo lilikuwa na mantiki yake: upande mmoja ukija na wakili, wa pili nao hutafuta wake, pingamizi hujibiwa kwa pingamizi, na mwishowe shamba huuzwa ili kulipia kesi ya shamba lilelile.

Lakini ni lazima tuulize ni nani husikika katika hicho kikao cha ukoo. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963, kwa Tangazo la Serikali Na. 436, hazimpi mjane fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Zinamwachia atunzwe na watoto wake. Wajane wawili wa Kitanzania walilifikisha suala hilo mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikaona kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Mjane asiye na mtu wa kumwambia kwamba mahakama inaweza kuangalia namna marehemu alivyoishi kabla ya kuamua ni sheria ipi itumike, hurudi kwao na sanduku la nguo. Kwa mjane huyo, kumwita wakili mchochezi wa ugomvi ni maneno ya walioshiba.

Vivyo hivyo kwa msimamizi wa mirathi ambaye, akishapewa barua ya usimamizi, hujiona ndiye mwenye mali. Katika Mahakama Kuu anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja, ila mrithi asiyelijua hilo hataidai.

Kasoro ya taaluma hii, kwa maoni yangu, imo katika malipo yake kuliko katika tabia za mawakili. Wosia huandikwa mara moja kwa ada ndogo, ilhali mgogoro hulipa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo wakili kijana mwenye pango la ofisi la kulipa hujikuta akiishi kwa matanga ya watu huku kazi yenye manufaa zaidi, ile ya kuketi na mzee angali hai, ikimpa nauli tu.

Na kazi yenyewe si ya haraka. Mzee huulizwa leo ni siku gani, ana nyumba ngapi, ipi ilijengwa na marehemu mkewe, na majibu yake huandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Kisha huombwa awataje watoto wake wote, mmoja mmoja. Aghalabu ni hapo ndipo hutajwa jina ambalo kijana aliyeketi nje hakulitaja.